GESI ASILIA YA SONGO SONGO: ILIVYOFANYIKA, ILIVYONASWA NA JINSI INAVYOPUNGUA

Watu wengi wasikiapo kwamba chini ya kisiwa cha Songo Songo kuna gesi, hudhani kwamba huko chini limo pango kubwa, mfano wa mtungi uliofukiwa ardhini, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kulitoboa pango hilo na kuchomeka bomba. Dhana hiyo si sahihi, wala madhara yake si madogo. Anayeamini kwamba gesi imo pangoni huamini pia kwamba kiasi chake hupimika kwa urahisi kama maji ya tangi, kwamba yote iliyomo itatoka, na kwamba itaendelea kutoka kwa nguvu ile ile hadi siku ya mwisho. Katika mambo hayo matatu hakuna hata moja lililo kweli. Taifa linalowasha taa, kuendesha viwanda na kupanga bajeti kwa kutegemea gesi halina budi kuwa na raia wanaofahamu kwa nini.

Makala haya yanaeleza asili ya gesi hiyo, jinsi ilivyonaswa katika miamba, na jinsi inavyochotwa. Sehemu kubwa ya maelezo yanahitaji elimu ya fizikia na kemia ifundishwayo katika shule za sekondari, na hesabu zilizomo zaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kujifunza Sheria ya Boyle.

Historia kwa ufupi

Songo Songo ni kisiwa kidogo katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, yapata kilometa 200 kusini ya Dar es Salaam. Utafutaji wa mafuta katika pwani hiyo ulianza kwa bidii katika miaka ya 1950, wakati makampuni ya BP na Shell yalipopima miamba na kuchoronga visima virefu huko Mandawa bara, na katika visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Mafuta ya kutosha hayakuonekana, na katika miaka ya 1960 makampuni hayo yalijitoa.

Mwaka 1969 liliundwa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, na utafutaji ukaendelea kwa mkataba na kampuni ya AGIP ya Italia. Mwaka 1974 kisima cha kwanza cha Songo Songo kilikuta gesi. Kampuni ilikuwa ikitafuta mafuta, na haikuiona gesi hiyo kuwa na faida ya kibiashara, kwa hiyo iliiacha. Shirika la umma liliendelea kuchoronga visima vingine mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kujua ukubwa wa hazina hiyo. Mwaka 1982 gesi iligunduliwa pia Mnazi Bay, mkoani Mtwara.

Hata hivyo gesi ya Songo Songo haikufika Dar es Salaam mpaka mwaka 2004, yaani miaka 30 baada ya kugunduliwa. Sababu kubwa ni tabia ya gesi yenyewe. Mafuta yaweza kutiwa katika mapipa na kupelekwa popote penye barabara au bandari. Gesi huhitaji bomba kutoka kisimani mpaka kwa mtumiaji. Pasipo mnunuzi mkubwa hakuna atakayekubali kugharimia bomba, na pasipo bomba hakuna mnunuzi. Katika miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha amonia na mbolea huko Kilwa ili kiwe mnunuzi huyo, lakini mpango haukutimia. Hatimaye mnunuzi aliyepatikana ni umeme. Bomba lililojengwa lina urefu wa kilometa 25 baharini na kilometa 207 nchi kavu, na huleta gesi kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, na viwanda vingine.

Umuhimu wake ulionekana mapema. Mwaka 2006 ukame ulipunguza sana maji ya bwawa la Mtera, na mgawo wa umeme ukawa mkali. Mitambo iliyotumia gesi haikusubiri mvua. Mwaka 2015 bomba la pili, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 500, lilianza kuleta gesi kutoka Mtwara.

Gesi hutokana na nini

Gesi ya Songo Songo ni kavu na safi. Sehemu yake kubwa kabisa, takriban asilimia 97, ni methani, ambayo molekuli yake ina atomu moja ya kaboni na nne za haidrojeni, CH₄. Kaboni hiyo zamani za kale ilikuwa sehemu ya viumbe hai.

Kila siku viumbe vidogo vya baharini na mabaki ya mimea yaletwayo na mito huzama na kutua katika tope. Penye oksijeni mabaki hayo huoza yakaisha. Lakini mahali ambapo maji ya chini yametulia na oksijeni ni haba, sehemu fulani ya mabaki husalia na kufunikwa na tope jipya. Tabaka juu ya tabaka, uzito huongezeka, tope huminywa likawa mwamba laini wa mfinyanzi wenye rangi nyeusi, na mabaki yale hugeuka kuwa kitu kigumu kiitwacho kerojeni.

Jambo linalofuata ni joto. Kadiri mtu anavyoshuka ardhini ndivyo joto linavyoongezeka, na katika mabonde mengi ya mashapo ongezeko hilo ni kama nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi kwa kila kilometa moja. Kerojeni ikifikia joto la nyuzi 60 hadi 120 huanza kutoa mafuta. Joto likizidi hapo, molekuli kubwa huvunjika na kuwa ndogo, na kitokacho ni gesi. Kerojeni iliyotokana na mimea ya nchi kavu hutoa gesi kwa wingi kuliko mafuta hata kabla ya kufikia joto kali. Kwa hiyo swali ambalo mwanajiolojia hujiuliza kwanza si kama kuna gesi, bali kama kuna mwamba mama, na kama mwamba huo ulipikwa kwa kiasi kinachofaa.

Bara lililopasuka

Pwani ya Tanzania inalo jibu la swali hilo katika historia yake ndefu. Zamani Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini zilikuwa bara moja liitwalo Gondwana. Kiasi cha miaka milioni 300 iliyopita bara hilo lilianza kulegea, na mabonde ya ufa yakafanyika ndani yake. Mito ilijaza mabonde hayo mchanga, changarawe na mimea. Miamba hiyo huitwa miamba ya Karoo, na katika mkoa wa Ruvuma na kusini mwa Njombe ndiyo yenye makaa ya mawe. Hivyo makaa ya bonde la Ruhuhu na historia ya pwani ni sura za kitabu kimoja.

Katika kipindi cha Jurasiki, miaka ipatayo milioni 170 iliyopita, ufa ulikamilika. Madagaska, ambayo wakati huo ilikuwa imekaa mbele ya pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania ya leo, ilianza kusogea kuelekea kusini, na bahari ikaingia katika nafasi iliyoachwa. Mwanzoni bahari hiyo ilikuwa nyembamba na mara nyingine ilikauka na kuacha chumvi. Tabaka nene za chumvi ziko chini ya ardhi huko Mandawa. Baadaye bahari ikapanuka, na tope jeusi, chokaa na mchanga vikaanza kujilimbika.

Ushahidi wa zama hizo hauko chini ya bahari peke yake. Katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, wachimbaji wa msafara wa Kijerumani walifukua kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, walioishi katika pwani hiyo miaka kama milioni 150 iliyopita. Mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Tabaka zenye mifupa hiyo huandamana na tabaka zenye makombe ya baharini, ishara ya kwamba pwani ilikuwa ikisogea mbele na kurudi nyuma. Mchanga ulioshika gesi ya Songo Songo ulitua muda mfupi baadaye kwa hesabu ya kijiolojia, mwanzoni mwa kipindi cha Kretasia. Mwamba mama wake hufikiriwa kuwa tabaka za chini zaidi, za Karoo au za Jurasiki.

Mwamba wenye vinyweleo, kifuniko na mtego

Gesi ikishafanyika haikai mahali ilipozaliwa. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji yaliyojaa katika miamba, hupanda juu polepole ikipita katika nyufa na nafasi ndogo. Sehemu kubwa hufika juu na kupotea hewani au baharini. Pengine alama zake hubaki, kama huko Wingayongo, karibu na mto Rufiji, ambako mawe ya mchanga yamelowana lami iliyopanda kutoka chini. Ili gesi inaswe, mambo matatu hayana budi kukutana.

La kwanza ni mwamba wa kuihifadhi. Mwamba huo si pango bali ni jiwe la kawaida la mchanga ambalo mtu aweza kuliketia. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa vifaa rahisi. Chupa ya kioo ya lita moja ijazwe mchanga mkavu wa mtoni mpaka pomoni. Kisha maji yamiminwe polepole kutoka katika silinda ya kupimia mpaka yaonekane juu ya mchanga. Wanafunzi wataona kwamba chupa iliyokwisha kujaa imepokea bado mililita kama 300 au 400 za maji. Hizo ndizo nafasi zilizo kati ya chembe na chembe, yaani vinyweleo. Ardhini, mchanga uliominywa na kugandishwa na madini mengine hubaki na vinyweleo vichache zaidi, mara nyingi asilimia 10 hadi 25 ya ujazo wake. Tena haitoshi vinyweleo viwepo. Ni lazima viungane, ili gesi iweze kupita kutoka kimoja hadi kingine mpaka kisimani.

La pili ni kifuniko. Juu ya mchanga inahitajika tabaka isiyopitisha gesi, kwa kawaida mwamba wa mfinyanzi au chumvi. Mfinyanzi nao unavyo vinyweleo, lakini ni vidogo mno na maji yaliyomo hung'ang'ania hata gesi isiweze kuyasukuma.

La tatu ni umbo, ambalo wataalamu huliita mtego. Kama tabaka zimelala na kuinuka upande mmoja, gesi itateleza chini ya kifuniko mpaka itoroke. Sharti pawe na mahali ambapo mwamba umeinama kama bakuli lililofudikizwa, au umekatwa na kuzibwa. Huko Songo Songo tabaka za mchanga zilipasuka na kuinuliwa, mmomonyoko ukakata sehemu za juu, kisha bahari ikarudi na kulifunika eneo zima kwa tope zito. Tope hilo limekuwa kifuniko kwa zaidi ya miaka milioni 90. Gesi imekaa katika mchanga huo kwenye kina cha chini kidogo ya kilometa mbili, na chini yake yamo maji ya chumvi.

Kuliona lisiloonekana

Hakuna mtu aliyeuona mtego huo kwa macho. Umbo lake hujulikana kwa mitetemo. Baharini meli huburuta bomba la kupigia hewa yenye nguvu, na mlio wake hushuka katika miamba. Katika kila mpaka wa tabaka sehemu ya mlio hurudi juu kama mwangwi, na vipokezi virefu vinavyoburutwa na meli huunasa. Muda wa kwenda na kurudi huonyesha kina. Vipimo maelfu kwa maelfu vikiunganishwa hutoa picha ya tabaka. Lakini picha hiyo huonyesha umbo tu. Aghalabu haiwezi kuthibitisha kwamba mtego una gesi na si maji. Visima vya Mafia, Unguja na Pemba vilichorongwa na watu wenye ujuzi, na bado havikufanikiwa. Uthibitisho ni keekee.

Mtambo wa kuchoronga huzungusha mabomba ya chuma yaliyounganishwa, na kichwa cha keekee chenye meno magumu husaga mwamba. Ndani ya mabomba husukumwa tope maalumu linalotokea chini kwenye keekee na kurudi juu kando ya mabomba. Tope hilo lina kazi tatu: hupoza keekee, huleta juu vipande vya mwamba ili wanajiolojia wavisome, na kwa uzito wake huizuia gesi isifumke. Likiwa jepesi mno, gesi huweza kulipuka na kuuangamiza mtambo pamoja na watu. Likiwa zito mno, hupasua mwamba na kupotea. Kila baada ya kina fulani kuta za kisima huvishwa bomba la chuma na kujazwa saruji nyuma yake. Kutu ni adui wa mabomba hayo, kwani kiasi kidogo tu cha kaboni dayoksaidi kikikutana na maji hufanya asidi inayokula chuma.

Sheria ya Boyle ndani ya kisima

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Katika kina cha meta 1,800 maji yaliyomo katika miamba husukuma kwa mgandamizo wa kama mara 180 ya ule wa hewa ya kawaida, kwa kuwa kila meta 10 za maji huongeza takriban kizio kimoja. Joto katika kina hicho na lichukuliwe kuwa nyuzi 80 za Sentigredi, yaani 353 katika kipimo cha Kelvini. Juu ya ardhi mgandamizo ni 1 na joto ni nyuzi 27, yaani 300 za Kelvini. Kwa kutumia sheria za gesi, meta moja ya ujazo ya vinyweleo huko chini ikifika juu itakuwa:

180 × 300 ÷ 353 = 153

Meta moja imekuwa meta 153. Methani halisi hukiuka kidogo sheria hiyo katika mgandamizo mkubwa, lakini kwa darasa jibu hili latosha. Linaeleza kwa nini jiwe lenye vinyweleo vidogo hivyo laweza kulisha mji. Linaeleza pia kwamba hakuna pampu inayovuta gesi. Hutoka kwa kutanuka, na nguvu inayoisukuma ni mgandamizo wake wenyewe.

Basi lenye kuiwezesha gesi kutoka ndilo lenye kupungua inapotoka. Ikiwa vinyweleo vimefungika na maji hayaingii, ujazo wa nafasi haubadiliki, na joto la mwamba pia halibadiliki. Kwa hiyo mgandamizo hulingana na kiasi cha gesi kilichobaki. Robo ya gesi ikitoka, mgandamizo hushuka kwa robo.

Ukweli huu rahisi ni chombo kikubwa. Na ichukuliwe hazina ya mfano, si ya mahali popote halisi, iliyoanza na mgandamizo wa 180. Baada ya kuchota meta za ujazo bilioni 4, mgandamizo umeshuka hadi 150. Upungufu ni 30 katika 180, yaani sehemu moja ya sita. Ikiwa bilioni 4 ni sehemu moja ya sita, basi hapo mwanzo palikuwa na bilioni 24, na zimebaki 20. Mtaalamu ameipima hazina iliyo kilometa mbili chini ya ardhi kwa kusoma saa ya mgandamizo iliyo kisimani.

Lakini bilioni 20 zilizobaki hazitatoka zote. Bomba la kwenda mjini lenyewe huhitaji mgandamizo ili gesi isafiri mamia ya kilometa. Ikiwa katika hazina hii kisima hushindwa kulisha bomba mgandamizo unaposhuka hadi 80, kitakachopatikana tangu mwanzo hadi mwisho ni 100 katika 180 ya bilioni 24, yaani bilioni 13.3 tu. Zaidi ya bilioni 10 zitabaki ardhini. Zikifungwa mashine za kuongeza mgandamizo, ambazo hupokea gesi dhaifu na kuisukumia bombani, kisima chaweza kuendelea mpaka mgandamizo wa 30. Hapo kitakachopatikana ni 150 katika 180, yaani bilioni 20. Tofauti ni bilioni 6.7, na tofauti hiyo haikutokana na ugunduzi mpya wala kisima kipya, bali imetokana na mashine zilizonunuliwa kwa wakati. Songo Songo imekwisha kuingia katika hatua hiyo: baada ya miaka mingi ya kuchotwa, mgandamizo ulishuka, na mashine za namna hii zilifungwa katika miaka ya 2020.

Lipo onyo. Katika hazina nyingine maji ya chumvi yaliyo chini hupanda na kujaza nafasi iliyoachwa na gesi. Hapo mgandamizo hushuka kidogo tu, na anayetumia hesabu ya hapo juu bila kuangalia ataamini kwamba hazina ni kubwa kuliko ilivyo. Atajikuta siku moja visima vinatoa maji. Kwa hiyo wataalamu hawasomi mgandamizo peke yake, bali hupima pia kiwango cha maji katika kila kisima na kukilinganisha na picha ya mitetemo.

Gesi iliyomo na gesi itakayopatikana

Tangu mwaka 2010 visima vilivyochorongwa katika bahari yenye kina cha meta elfu moja hadi zaidi ya elfu mbili, mbele ya mikoa ya Lindi na Mtwara, vimekuta gesi nyingi sana. Hazina hizo zimepewa majina ya samaki na viumbe vya bahari, kama Pweza, Chewa na Chaza, na ya viungo, kama Zafarani na Tangawizi. Nyingi zimo katika mchanga uliomwagwa na mito ya kale, ukaporomoka kwenye miteremko ya chini ya bahari na kutandazwa mbali na pwani. Jumla inayotajwa kwa nchi nzima ni futi za ujazo zipatazo trilioni 57, yaani meta za ujazo kama trilioni 1.6.

Msomaji wa magazeti hana budi kuuliza swali moja kila aonapo tarakimu kama hiyo: je, ni gesi iliyomo ardhini, au ni akiba inayoweza kuchotwa? Trilioni 57 ni makadirio ya gesi iliyomo. Akiba ni sehemu ya hiyo ambayo yaweza kufikishwa juu kwa ufundi uliopo na kwa gharama isiyozidi bei. Kwa hiyo akiba yaweza kuongezeka bei au ufundi ukiongezeka, na yaweza kupungua pasipo chembe moja ya gesi kutoka ardhini.

Katika kina kikubwa cha bahari gharama ni nyingi, na soko la ndani ni dogo kulinganisha na wingi huo. Ndiyo maana pamekuwa na majadiliano ya miaka mingi kuhusu kujenga huko Lindi mtambo wa kuipoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo methani huwa kimiminika na kuchukua nafasi ndogo zaidi kwa mara kama 600, hata ikaweza kupakiwa melini. Tatizo ni lile lile lililoikalisha gesi ya Songo Songo miaka 30: wingi wa gesi si utajiri mpaka iwepo njia ya kuifikisha kwa mtumiaji.

Faida na tahadhari

Methani ikiungua vizuri hufuata mlingano huu:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Kwa kiasi kile kile cha umeme, gesi hutoa takriban nusu ya kaboni dayoksaidi itolewayo na makaa ya mawe, wala haina majivu. Lakini methani isiyoungua, ikivuja hewani, huzuia joto la dunia kuliko kaboni dayoksaidi, uzito kwa uzito, kwa takriban mara 28 katika muda wa miaka mia moja. Kwa hiyo bomba linalovuja ni hasara ya fedha na ya hali ya hewa pia. Kwa kuwa methani haina rangi wala harufu, dawa yenye harufu kali hutiwa katika gesi inayosambazwa majumbani. Mtu akiisikia harufu hiyo asiwashe wala kuzima taa, bali afungue madirisha, atoke nje na kutoa taarifa.

Hitimisho

Mchanga uliotua zama za dinosaria, tope lililoufunika, na joto la mamilioni ya miaka ndivyo vilivyotengeneza hazina ambayo kizazi kimoja chaweza kuimaliza. Haitajazwa tena katika maisha ya taifa lolote. Jambo lililo mikononi mwa binadamu ni kasi ya kuichota, uangalifu wa kupima, na kitu ambacho gesi hiyo inabadilishwa kuwa. Gesi iliyochomwa bila kuacha shule, kiwanda, mtambo wala ujuzi imekwisha mara mbili.

Zoezi la darasani

1. Eleza kwa nini mwamba wa mfinyanzi waweza kuwa mwamba mama na pia kifuniko, lakini ni vigumu kuwa mwamba wa kuhifadhi gesi.

2. Hazina fulani ilianza na mgandamizo wa 200. Baada ya kuchotwa meta za ujazo bilioni 5, mgandamizo ni 175. Maji hayaingii. Tafuta kiasi cha gesi kilichokuwamo mwanzo na kilichobaki.

3. Ikiwa visima vya hazina hiyo vitakoma kufanya kazi kwenye mgandamizo wa 50, ni kiasi gani zaidi kitapatikana? Kitatosha kwa miaka mingapi kama bilioni 1 huchotwa kila mwaka? Na kama bilioni 2.5 huchotwa kila mwaka?

4. Jadilini: kati ya kuchota kwa miaka 10 na kuchota kwa miaka 25, ni mambo gani ambayo taifa lapaswa kuyapima kabla ya kuchagua?

Majibu ya hesabu: Swali la 2, bilioni 40 na bilioni 35. Swali la 3, bilioni 25, miaka 25, miaka 10.